Mkebe wa Bibi na Mtaa Uliokuwa Michenzani

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, vitu alivyoacha havikuwa vingi. Baada ya khitma, mama mkubwa alichukua sanduku la mbao lenye njumu za shaba, mama yangu akachukua kanga na mbuzi ya kukunia nazi, na mkebe wa biskuti ulioanza kuliwa na kutu kwenye mfuniko ukabaki sakafuni bila mtu wa kuutaka. Niliondoka nao kwa kuwa sikupenda kuuona ukitupwa. Ndani yake mlikuwa na picha 31, postikadi moja na stakabadhi chache zilizokunjwa mara nne. Niliuweka juu ya kabati, ukakaa huko miaka minne kabla sijaufungua kwa makini, na muda huo naujutia mpaka leo, kwa sababu katika miaka hiyo walifariki wazee watatu wa ukoo wetu ambao wangeweza kunitajia watu waliomo katika zile picha, na sura zile sasa zimebaki hazina majina.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Historia katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na nilikuwa na tabia ya kuamini kilichoandikwa kuliko kinachoonekana. Postikadi ndiyo iliyonivutia kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya mahali ninapopajua. Ilionyesha mji kama anavyouona mtu aliye ndani ya mashua: Ngome Kongwe upande wa kulia, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, na roshani zake ndefu katikati, na upande wa kushoto majumba meupe yaliyoshikana mpaka mwisho wa picha. Nyuma yake mlikuwa na anwani ya mtu wa Mombasa, ambaye jina lake limefutika, na muhuri wa posta wa mwaka 1912. Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika nyuma ya kadi, "Forodhani, 1912," nikaridhika. Nilifanya makosa mawili kwa pamoja, na yote mawili nayaona kila ninapoishika kadi ile: mwaka sio, na wino umepenya mpaka upande wa pili, ukaacha doa la buluu katika mbingu juu ya mapaa.

Aliyenisahihisha ni mzee mmoja wa Malindi ambaye alifanya kazi bandarini tangu ujana wake. Nilikwenda kumwamkia barazani kwake baada ya sala ya alasiri, nikampa ile kadi. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha mbali, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mnara huu wewe umeuona wapi?" Nikatazama. Mbele ya Beit al-Ajaib ulisimama mnara mrefu, peke yake, ambao macho yangu yalikuwa yameupita mara nyingi yakidhani ni ule mnara wa saa ambao sote tumekua tukiuona. "Tuliouzoea sisi umo kwenye nyumba yenyewe," akasema. "Huu uko mbele ya nyumba. Huu ni wa kabla ya mizinga. Babu yangu aliuona."

Mizinga aliyoisema ni ile ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na saa tatu asubuhi, muda wa onyo ulipokwisha, manowari zilizotia nanga mbele ya mji zikaanza kupiga. Vita vile havikutimiza saa moja. Muda unaotajwa sana ni dakika 38. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na yeye mwenyewe akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Hayo nilikuwa nikiyafundisha kila mwaka, na tarehe zake wanafunzi wangu walizijua kwa moyo. Nisilolifundisha, kwa kuwa nami sikuwa nimelitambua, ni sura ya mji iliyopotea asubuhi ile.

Palikuwa na majumba matatu ya kifalme pale mbele: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Yaliunganishwa kwa njia za juu kwa juu zilizofunikwa, ili mabibi wa kasri waweze kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila ya kuonekana na wapita njia. Beit al-Hukm lilibomolewa na mizinga lisijengwe tena, na leo mahali pake ni bustani ambayo watu huipita bila ya kujua kuwa chini ya majani kulikuwa na nyumba. Beit al-Sahel lilijengwa upya kwa umbo jingine. Ule mnara uliokuwa mbele, uliobeba taa ya kuongozea vyombo pamoja na saa, uliondolewa, na mwaka 1897 mnara mwingine ukaunganishwa na Beit al-Ajaib. Katika kadi ya bibi vyote hivyo vilikuwa bado vizima. Picha ilipigwa kabla ya Agosti 1896, bamba lake la kioo, ambalo picha huchapwa kutokana nalo, likahifadhiwa, kadi ikachapwa miaka mingi baadaye na kuuzwa, na mtu akaituma Mombasa mwaka 1912 ikiwa na mji ambao ulikuwa umekwisha kuondoka kwa miaka 16.

Tangu siku ile, ninapopewa picha ya zamani, huanza kwa kutafuta kile ambacho hakimo. Mzee yule ndiye aliyenifundisha pia kutazama maji kabla ya nchi kavu. Sultani Barghash, baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangamiza vyombo vyake, alijipatia meli iliyoitwa Glasgow, na meli hiyo ilizamishwa pale pale bandarini siku ya mizinga. Kwa kuwa maji hayakuwa na kina kirefu, milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya bahari mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Basi ukiona picha ya Forodhani yenye milingoti mitatu iliyosimama majini bila ya chombo chini yake, umekwisha kujua kuwa imepigwa baina ya 1896 na 1912, hata kama nyuma yake pameandikwa mwaka mwingine. Kadhalika reli ikionekana karibu na Ngome Kongwe, hiyo ni baada ya treni ya Bububu kuanza mwaka 1905. Bustani ya Forodhani ikionekana, hiyo ni baada ya 1936, ilipotengenezwa kwa sherehe ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa. Kuba jeupe la Beit el-Amani pale Mnazi Mmoja halitangulii mwaka 1925. Kwa njia hii mtu asiye na chombo chochote isipokuwa kioo cha kukuzia anaweza kuipanga picha moja baada ya nyingine, na mara nyingi atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko aliyeandika maelezo chini yake.

Nilijifunza pia kwamba picha huweza kugeuzwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea nakala ambayo ndani yake Ngome Kongwe iko kushoto kwa Beit al-Ajaib, naye akashikilia kuwa labda zamani palikuwa na ngome ya pili. Tuliitazama darasani kipindi kizima. Msichana mmoja akatuonyesha mtu aliyesimama karibu na ukuta, jambia likiwa kiunoni na mkono wake wa kushoto juu ya mpini, kisha akaonyesha kibao cha herufi chache ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Tulipoinua karatasi na kuitazama kwa nyuma, ikipenywa na mwanga wa dirisha, herufi zikasomeka, mkono ukawa wa kulia na ngome ikarudi mahali pake. Fundi aliyechapa alikuwa ameliweka bamba la kioo upande usio wake. Sijapata kufundisha somo lililosikilizwa vile.

Jambo jingine lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua. Picha nyingi za zamani za mitaa ya mjini huonyesha njia tupu, na nimewahi kusoma maelezo ya wageni wanaoeleza kuwa mji ulikuwa umelala. Kamera za wakati ule zilihitaji muda kuipokea picha, na aliyekuwa akitembea hakuandikwa. Nikiwa na kioo changu juu ya picha ya Darajani, niliona juu ya ardhi vitu kama moshi mwembamba, vingine vikiwa na mguu mmoja ulio wazi, pale mtu alipokanyaga akatulia kidogo kabla ya kuinua hatua. Njia ilikuwa imejaa watu. Waliobaki wazima ni wale tu waliokuwa wametulia: mchukuzi aliyetua mzigo, mzee aliyekaa barazani, mtoto aliyekuwa akiishangaa kamera. Katika picha hiyo hiyo kuna maji na mashua mahali ambapo leo ni barabara, kwa sababu mkono wa bahari ulikuwa ukiingia baina ya Mji Mkongwe na upande wa pili, na daraja lililouvuka ndilo lililopapa Darajani jina lake. Ule upande wa pili wa maji ndio ukaitwa Ng'ambo. Maji yalijazwa kidogo kidogo mpaka yakakwisha kabla ya Mapinduzi, lakini jina limebaki, na wako vijana wengi wakaao Ng'ambo ambao hawajawahi kujiuliza ni ng'ambo ya nini.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake, wakati jengo likifanyiwa ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Nilifika Forodhani jioni ile. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi wakizungumza kwa sauti za chini kama wanaotoka makaburini, na mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono akaniambia, "Poleni," nami nikamjibu, "Poleni sote," tukabaki tumesimama. Kwa majuma kadhaa simu zetu zilijaa picha za zamani za jengo lile. Nilifarijika kuona watu wakizitafuta, lakini niliumia pia kuona makosa yangu ya zamani yakirudiwa na maelfu ya watu: picha ya mnara wa kabla ya 1896 ikiandikwa kuwa ndio ulioanguka, na mnara wa 1897 ukiombolezwa kama wa Barghash, ambaye alifariki mwaka 1888. Niliandika masahihisho kwa kila aliyenitumia. Wengine walinishukuru, wengine waliniona ninawasumbua katika msiba, na huenda walikuwa na haki.

Katika majuma hayo hayo ndipo nilipoutoa tena mkebe wa bibi, nikazipanga picha zote 31 juu ya mkeka, nikaona jambo ambalo lilipaswa kunigusa tangu siku ya kwanza. Ukiiondoa ile postikadi, hakuna hata picha moja ya Forodhani. Hakuna kasri, hakuna mlango wa nakshi, hakuna mnara. Watu wangu walikuwa wa Ng'ambo, na mji nilioutumia miaka mingi kujifunza kuusoma haukuwa mji wao.

Wapiga picha wa mwanzo waliofungua studio hapa, wengi wao Wagoa, kina A. C. Gomes, ndugu Coutinho na Pereira de Lord, walipiga kwa ajili ya kuuza, na wanunuzi wakubwa wa kadi walikuwa wageni waliotaka bahari, majumba ya masultani, milango na njia nyembamba. Siwalaumu, bila ya wao tusingekuwa na Beit al-Hukm hata kwa macho. Lakini Ng'ambo, ambayo ilizidi kukua baada ya sheria ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa, na ambayo ndani yake waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi na waashi wa mji ule ule unaopigwa picha, mara nyingi huingia katika kadi kama kibanda kimoja cha makuti chenye maelezo yasemayo kwamba hiyo ni nyumba ya wenyeji. Hakuna jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Nimekaa siku nyingi katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nikapekua, na kwa kila picha ya mtaa wa Ng'ambo niliyoipata zilinipita mikononi picha nyingi mno za sehemu ya mbele ya mji.

Kwa hiyo Ng'ambo imehifadhiwa zaidi katika mikebe ya biskuti kuliko katika makabati ya serikali, na huko nako imejificha. Picha nyingi za bibi zilipigwa studio. Baadhi yake zina muhuri wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na ambayo watu wa rika la mama yangu wote wanaijua. Ni picha safi, zenye mwanga mzuri, na nyuso zake utadhani zitasema. Ila nyuma ya watu kuna pazia. Mtu alivaa nguo yake bora, akatembea kutoka Miembeni au Mwembetanga, akavuka Darajani, akaingia Mji Mkongwe, akasimama mbele ya kitambaa kilichopakwa rangi, na nyumba aliyotoka haikuingia kabisa. Katika picha 31 nilikuta nne tu zilizopigwa nje, na katika hizo nne mbili zina nyumba inayotambulika.

Hizo mbili nilizitoa kwa ofisi moja iliyokuwa ikiandaa maonyesho, nikaahidiwa kuwa zitanakiliwa na kurudishwa baada ya juma moja. Ilirudi moja. Nilikwenda mara sita kuulizia ya pili, kila mara kwa mtu tofauti, na mara ya sita nikaambiwa kwa upole kwamba haikuwahi kupokewa. Ilikuwa picha ya harusi ya mdogo wake bibi, wanawake wamekaa uwani, na nyuma yao ukuta wenye dirisha na sehemu ya paa la debe. Tangu hapo picha asili haitoki mkononi mwangu. Anayeihitaji huja nyumbani, tukaipiga kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila ya taa, naye akaondoka na nakala. Nimeacha pia kuandika kwa wino. Naandika kwa penseli laini, pembeni, nikiwa nimeilaza picha juu ya kioo ili nisiikandamize. Na picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa masika siibandui tena; naipiga ikiwa humo humo, kwa kuwa nilikwisha kuibandua moja, nikamwacha shangazi yangu mmoja bila ya uso.

Picha iliyorudi ni ya mama yangu. Yuko peke yake, ana umri wa miaka sita hivi, amevaa gauni jipya la Idi na utepe kichwani, na viatu vyake vinaonekana vikubwa kidogo kwa miguu yake. Nyuma ya picha bibi aliandikiwa na mtu, "Idi 1961." Mama anakumbuka gauni, anakumbuka kuwa viatu vilimchubua, lakini mtaa haukumbuki vizuri, kwa sababu walihamishwa alipokuwa bado msichana. Ilikuwa Michenzani, upande wa kuelekea Kisiwandui. Baada ya Mapinduzi serikali iliamua kuijenga upya Ng'ambo, na kwa mipango iliyosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki yakajengwa yale majumba marefu ya ghorofa tunayoyajua leo. Watu wengi walipata nyumba zenye maji ya bomba na umeme ambavyo hawakuwa navyo, na mama mkubwa mpaka leo anaishi katika mojawapo ya majumba hayo na hataki kusikia likisemwa vibaya. Ili yapate kusimama, mitaa iliyokuwa chini yake ilibomolewa, na sijaiona picha ya mtaa wetu iliyopigwa kabla ya kubomolewa isipokuwa hii, ambayo mpigaji hakuwa na nia ya kuupiga mtaa.

Mama mkubwa ndiye aliyenielekeza kwa bibi mmoja wa Kikwajuni, shoga wa marehemu bibi tangu usichana, ambaye alikuwa akiishi mtaa ule ule. Nilikwenda Ramadhani ya mwaka 2022, baada ya futari. Nilimkuta amekaa ukumbini juu ya mkeka, ameegemea mto, sahani ya tende mbele yake. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza mimi ni nani, na nilipomtajia bibi yangu akaninyooshea mikono yote miwili. Nilipompa picha aliipapasa, akaigeuza, akanirudishia. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho miaka mingi.

"Nisomee," akaniambia.

Sikuwahi kuombwa kitu kama hicho. Nilianza kwa mama, gauni, utepe. Akasema mama yangu anamjua, nimwambie vilivyo nyuma yake. Nikamweleza ukuta wa udongo na mawe ambao lipu yake imeng'oka chini kwa mvua, mpaka fito zinaonekana. Nikamweleza mlango wa mbao ulio wazi nusu. Kwenye ukingo wa kulia, nusu ya gurudumu la baiskeli. Kwenye ukingo wa kushoto, juu ya baraza, miguu ya chuma ya cherehani, bila ya cherehani yenyewe kwa kuwa picha imekatia hapo. Juu ya paa, matawi ya mwembe.

"Cherehani iko mkono gani?"

"Wa kushoto, bibi."

"Basi aliyepiga kaupa mgongo msikiti," akasema, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyefika njia panda anayoijua. Akavuta sahani, akachukua kokwa ya tende, akaipapasia mahali pake juu ya mkeka. "Hapa ndipo aliposimama mama yako. Nyumba iliyo nyuma yake si yenu, ni ya mwalimu wa chuo. Yenu ni hii." Akaweka ya pili. Ya tatu ikawa ya fundi cherehani. Baiskeli alisema ni ya mtu aliyekuwa akipeleka maziwa, na nyumba yake ilikuwa inatazamana na ya mwalimu, kwa hiyo kokwa ya nne ikavuka njia na kukaa upande wa pili. Kuanzia hapo alikwisha toka nje ya picha. Mkono wake ulikwenda taratibu, ukiweka kokwa na kuzigusa tena zile za nyuma ili usipotee: nyumba ya mwashi, nyumba iliyokuwa ikipangishwa mabaharia, nyumba ya mwanamke aliyekuwa akipika mandazi kabla ya alfajiri na harufu ikaamsha mtaa mzima, ugo wa uwanja wa ngoma, nyumba mbili zilizochangia uwa mmoja. Kisima alikiwekea kikombe cha kahawa. Mwembe aliuwekea kofia yangu. Mahali pamoja, baina ya nyumba ya mwashi na kisima, mkono ulisimama ukiwa na kokwa ndani ya vidole, ukasubiri, kisha ukapita. "Hapa palikuwa na mtu," akasema. "Amenitoka."

Mkwe wake alikuja kuondoa vyombo, akaiona ile njia ya kokwa imetanda mkeka mzima, akarudi jikoni kimya kimya na sinia lake. Nilihesabu 19. Nilimwomba bibi ruhusa ya kuipiga picha, akaniuliza kama atakuwemo, nikamwambia mkono wake utakuwemo, akaitengeneza kanga begani. Nilisimama juu ya kiti nikaipiga kwa simu. Kisha nilikaa chini, akanirudia nyumba moja moja, nami nikaandika kila jina.

Picha ile niliichapa, na nyuma yake nimeandika kwa penseli namba 1 mpaka 19 na wenye nyumba wao, na baina ya nyumba ya mwashi na kisima nikaacha mstari mtupu. Idi pili alimtuma mjukuu wake wa kiume kwangu. Kijana alisimama mlangoni na kofia mpya, akanipa mkono, akasema bibi anakusalimu, na kasema nikwambie kuwa ile nyumba ni ya muuza mkaa, mtu wa Makunduchi, na alikuwa na mke mmoja na binti wawili. Nilimkaribisha ndani, nikaenda kutafuta penseli.